Kuweka sawa injini ya silinda sita ya Land Cruiser ya esansi hapa Goma: supapu, delko, kisha karburateri

Ukiwa na Land Cruiser ya zamani ya esansi (petroli) hapa Goma, iwe FJ40, FJ45 au FJ60, bila shaka umeshasikia hukumu yake kwenye garaji: "Papa, hii motere ilishakufa, tafuta ya mazutu [dizeli]." Mara nyingi hakuna kilichokufa. Fundi ameanza na karburateri kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo yenye skrubu za kuchezea. Kisha amepima kwa namba za kitabu kilichoandikwa kwa hewa ya pwani, na sisi tunaishi kwenye mita 1,500 hivi, kando ya ziwa ambalo maji yake yenyewe yako mita 1,460 juu ya bahari.

Fuata mpangilio huu na usiuruke: afya ya silinda kwanza, halafu nafasi za supapu (vali), halafu cheche, na karburateri iwe ya mwisho. Supapu isiyofunga vizuri itakudanganya utakapopima cheche, na cheche isiyokuja kwa wakati wake itakufanya uharibu karburateri isiyo na kosa lolote.

Injini yenyewe ikoje

Ninayoizungumzia ni 2F. Ilichukua nafasi ya F ya lita 3.9 mwaka 1975, ikaendelea kufungwa kwenye FJ60 hadi katikati ya miaka ya 1980. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,230. Kipenyo cha silinda ni milimita 94, na pistoni inasafiri milimita 101.6 toka chini hadi juu. Safari hiyo ndefu kuliko kipenyo ndiyo inayoipa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole, na ndiyo maana inatoka kwenye matope bila kupiga kelele. Kompresiyo yake, yaani kiasi inavyobana hewa na esansi, ni 7.8 kwa 1, ndogo sana kwa viwango vya leo, kwa hiyo haichagui esansi.

Ukoo wake ni wa kale. Jeep ya Toyota BJ, ile iliyopanda mlima Fuji hadi kituo cha sita mwaka 1951, ilitumia injini ya silinda sita iliyofuata umbo la Chevrolet za miaka ya 1930. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Ukifungua 2F leo bado unaiona damu hiyo: bloki na kilasi (kichwa cha injini) vyote ni chuma cha kumimina, mhimili wa supapu umelala ndani ya bloki, vijiti virefu vinapanda kusukuma kilbiteri (mikono midogo inayobonyeza supapu) juu ya kilasi. Hakuna mnyororo wala mkanda wa kukatika. Mhimili mkuu unauzungusha ule wa supapu kwa meno ya gia moja kwa moja.

Silinda sita zikipangwa mstari mmoja zina zawadi moja ambayo silinda nne hazina. Pistoni ya 1 na ya 6 hupanda pamoja, ya 2 na ya 5 pamoja, ya 3 na ya 4 pamoja, na kila jozi iko digrii 120 mbali na nyingine. Misukumo ya zinazopanda na zinazoshuka inafutana yenyewe kwa yenyewe, na cheche inakuja kila digrii 120 za mzunguko. Kwa kazi yetu hiyo ina maana moja kubwa: 2F nzima haitetemeki. Ukiona karburateri inacheza juu ya injini kwenye ralanti (mzunguko wa polepole bila kukanyaga pedali), usikubali kuambiwa ni uzee. Kuna silinda haifanyi kazi, au mipira ya kukalia injini imeoza.

Udhaifu wake uko chini. Mhimili mkuu unashikwa na beringi nne tu. Ile 1FZ-FE ya esansi iliyoingia mwaka 1992 ina saba. Kwa hiyo 2F usiifokee kwa mizunguko mingi, badilisha gia mapema. Na kama gari lako lina hiyo 1FZ-FE ya supapu 24, hatua ya supapu hapa chini haikuhusu, kwa sababu zake hazirekebishwi kwa skrubu.

Vifaa

Vibati vya kupimia nafasi vyenye milimita 0.20, 0.35, 0.45 na 0.80. Kipimo cha kompresiyo. Kipimo cha utupu, kile chenye mpira unaochomekwa kwenye mdomo wa hewa chini ya karburateri. Hiki ni rahisi, mafundi wengi wanakidharau, na mimi nikiambiwa nichague kimoja tu ningechagua hicho. Taa ya avansi (ya kupimia wakati wa cheche) kama unaweza kuazima, la sivyo balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili itatosha kwa delko (kigawanya cheche) ya zamani. Turnevisi (bisibisi) pana iliyonyooka, kle (spana) zinazolingana na nati zako, jwenti (gasketi) mpya ya mfuniko wa supapu, kitambaa safi. Fanyia kazi nje, siyo ndani ya nyumba iliyofungwa, maana moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Sigara mbali.

Hatua ya 1: Angalia unachoinywesha

Esansi ya kadhafi, ile ya bidoni kando ya barabara, inaweza kuwa nzuri na inaweza kuwa imechanganywa na maji au mafuta ya taa. Chukua kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie robo saa. Maji yatakaa chini yakionyesha mstari. Mafuta ya taa yatajitambulisha kwa kidole: esansi hukauka haraka na kuacha ngozi kavu, ya taa huacha utelezi. Ukiona kasoro, mwaga tangi, badilisha filtri, ndipo uendelee. Kurekebisha injini kwa esansi mbaya ni kupoteza Jumamosi yako.

Hatua ya 2: Kompresiyo, ukisoma kwa macho ya Goma

Washa injini ipate moto wa kawaida, zima, toa buji (plagi za cheche) zote sita na uzipange kwa namba. Silinda ya 1 ni ya mbele, karibu na radiateri. Chomoa waya wa katikati wa bobini (koili ya cheche). Fungua kabisa klape (mlango wa hewa) ya karburateri, mtu akanyage pedali hadi chini na aishikilie, maana klape iliyofungwa inainyima silinda hewa na utapata namba ya uongo. Zungusha kwa demareri (starta) hadi sindano isimame, andika, nenda silinda inayofuata. Batiri iwe imejaa.

Kitabu kinasema 10.5 kilo kwa sentimita mraba kwa injini nzima, na 8.0 kuwa mwisho wa kuvumilia. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Hapa hewa inayoingia tayari ina shinikizo la karibu 84 kwa mia ya lile la pwani, kwa hiyo na inayobanwa inapungua kwa kiasi hicho. Injini nzima ya Goma itaonyesha kama 8.8. Ile ya mwisho wa kuvumilia itaonyesha kama 6.7. Sasa fikiria fundi aliyesoma 8.2 kwenye silinda zote sita akamwambia mwenye gari anunue segma (pete za pistoni) mpya: amefungua injini yenye afya njema.

Kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi kilo 1. Moja ikiwa chini peke yake, tia kijiko cha mafuta ya injini kwenye tundu la buji yake na upime tena. Namba ikipanda sana, segma zimechoka. Ikibaki palepale, ni supapu. Na mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, shuku jwenti ya kilasi kati yao.

Usikate tamaa na silinda ya supapu mbaya kabla ya hatua inayofuata. Supapu iliyobanwa na nafasi ndogo haifungi, na inaonekana kama imeungua wakati haijaungua bado.

Hatua ya 3: Nafasi za supapu

Hapa ndipo pa kutuliza moyo. Zipo supapu 12, mbili kwa kila silinda. Kati ya ncha ya kilbiteri na mkia wa supapu lazima kuwe na nafasi: 0.20 mm kwa supapu ya kuingiza, 0.35 mm kwa supapu ya moshi, injini ikiwa ya moto. Ya moshi inapewa zaidi kwa kuwa inaoga moto muda wote na kurefuka kuliko mwenzake. Mwinuko wa Goma haugusi namba hizi, chuma kinarefuka vilevile hapa na Mombasa.

Toa mfuniko wa supapu. Kuanzia mbele, supapu ya kwanza ni ya moshi, zinafuata mbili za kuingiza, mbili za moshi, mbili za kuingiza, hivyo hivyo mpaka ya 12 kule nyuma, ambayo ni ya moshi tena. Kama una shaka, fuata kwa macho mabomba yaliyofungwa ubavuni mwa kilasi: yanayoshuka kwenye bomba la moshi ni ya moshi.

Buji zikiwa nje, injini inazunguka kirahisi. Weka gia ya nne, mtu alisukume gari polepole kwenye sehemu tambarare, au zungusha kwa nati kubwa ya puli ya mbele, kila mara kwa upande inaozungukia injini. Wewe tazama dirisha dogo kwenye nyumba ya kloshi, pale volani (gurudumu zito la nyuma ya injini) inapoonekana. Kuna alama mbili: mstari, ambao ni pistoni ya 1 iko juu kabisa, na kigololi kilichopachikwa, ambacho ni digrii 7 kabla ya hapo. Safisha volani kwa kitambaa, na upake alama hizo rangi nyeupe sasa hivi, utanishukuru kwenye hatua ya cheche.

Mstari ukifika kwenye mshale, usidhani umemaliza. Pistoni ya 1 na ya 6 ziko juu pamoja, lakini moja tu imebana hewa. Shika kilbiteri za silinda ya 1: zikicheza zote mbili, umefika. Zikiwa zimekaza na za silinda ya 6 ndizo zinazocheza, zungusha mzunguko mmoja mzima.

Ukiwa hapo, rekebisha supapu ya 1, 2, 3, 5, 7 na 9 ukihesabu toka mbele. Kisha zungusha mhimili mkuu mzunguko mmoja kamili, mstari urudi kwenye mshale, urekebishe ya 4, 6, 8, 10, 11 na 12. Basi, kumi na mbili zimetimia kwa kusimama mara mbili tu. Wapo wanaofuata moja moja kwa kuangalia kilbiteri ikipanda na kushuka, nayo ni njia halali, ila inachosha na ukikatizwa na simu unapotea.

Kurekebisha ni hivi: legeza nati ya kufungia, ingiza kibati, zungusha skrubu kwa turnevisi mpaka kibati kipite kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinapopita kwenye siagi baridi. Shika turnevisi isisogee, kaza nati, kisha pima tena. Kupima tena siyo hiari, kwa kuwa nati inapokaza mara nyingi inavuta skrubu pamoja nayo. Jaribu na kibati kikubwa zaidi kwa hatua moja: kisiingie.

Jihadhari na kilbiteri iliyokula kishimo kwenye ncha yake. Kibati kinalala juu ya kingo mbili za kishimo, wewe unasoma 0.20, na nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Supapu hiyo itaendelea kugonga hata ukirekebisha mara kumi. Dawa ni kuinoa ncha kwa mtu mwenye mashine, au kubadilisha kilbiteri.

Na hili watu wengi hulielewa kinyume. Supapu yenye kelele kidogo ni salama. Iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu inakaa wazi kwa unywele mmoja, moto unapita kwenye ukingo wake, na baada ya muda inaungua. Andika namba ulizozikuta kabla ya kurekebisha. Supapu ya moshi ambayo kila ukiifungua unaikuta imepunguza nafasi inazama kwenye kiti chake, na huo ni ujumbe wa mapema kwamba kilasi itahitaji kushuka. Afadhali uijue mwaka mmoja kabla kuliko kuijua porini Masisi.

Rudia kompresiyo kwenye silinda iliyokuwa dhaifu. Ukikuta imepanda, umeokoa gharama kubwa.

Hatua ya 4: Delko na cheche

Cheche zinakuja kwa mpangilio 1-5-3-6-2-4. Fungua kofia ya delko, mtu apige demareri kidogo, uone kidole (kile kinachozunguka ndani yake) kinazungukia upande gani, kisha fuata nyaya kwa mpangilio huo huo kwa upande huo huo. Usitegemee jinsi nyaya ulivyozikuta, hujui nani alipita hapo kabla yako. Silinda mbili zilizobadilishana waya zitafanya injini nzuri ipige mabomu kwenye bomba la moshi.

Tazama ndani ya kofia kwa mwanga wa jua. Ufa mwembamba mweusi unaopita kati ya nguzo mbili ni njia ya cheche kutoroka, na asubuhi zenye unyevu wa ziwa inatoroka zaidi. Gari linalokataa kuwaka saa kumi na mbili mtaani Himbi na kuwaka saa nne bila kuguswa lina kofia ya namna hiyo, au nyaya zilizokauka. Shika mhimili wa delko na uutikise: ukicheza kando, nafasi ya pointi (vipande viwili vinavyofunguka kukata umeme) haitatulia kamwe na unajisumbua.

Kwa delko ya pointi, nafasi ni kama 0.45 mm pale nundu inapozifungua kabisa. Kama una kipimo cha digrii za kufunga, lenga 41. Buji zipewe 0.80 mm. Zilizotoka kwenye injini usizitupe bado, rangi yake ni barua, tutaisoma mwishoni.

Sasa avansi, yaani ni mapema kiasi gani cheche inaruka kabla pistoni haijafika juu. Rudisha buji, washa, ipate moto, ralanti iwe mizunguko 650 kwa dakika. Chomoa mpira mwembamba wa utupu unaoenda kwenye delko, uzibe. Elekeza taa ya avansi kwenye lile dirisha la volani: kigololi kionekane pale pale penye mshale. Hizo ni digrii 7. Kisipoonekana hapo, legeza bolti ya shingo ya delko na uizungushe kidogo kidogo. Kuigeuza kinyume na mwendo wa kidole kunaiwahisha cheche, kuifuata kunaichelewesha.

Huna taa ya avansi? Kwa delko ya pointi, injini ikiwa imezimwa, zungusha kwa mkono mpaka kigololi kifike kwenye mshale huku silinda ya 1 ikiwa imebana. Unganisha balbu kati ya upande wa pointi wa bobini na chuma cha gari, fungua kontakti (ufunguo). Zungusha delko polepole kinyume cha kidole mpaka balbu iwake. Pale inapowaka ndipo pointi zinapofunguka na cheche inapozaliwa. Kaza hapo. Kwa gari lisilo na hitilafu nyingine, kazi ya balbu inakaribia sana ile ya taa ya bei kubwa.

Hapa ndipo mwinuko unapotupa kitu badala ya kutunyang'anya. Hewa nyepesi inabanwa kidogo, kwa hiyo inawaka polepole na haigongi haraka. Ongeza digrii 2 au 3 juu ya zile 7, kisha lijaribu gari kwenye mpando wa kuelekea Kibumba, gia ya tatu, ukikanyaga kwa nguvu toka chini. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya bati, rudisha digrii moja, jaribu tena. Ukishuka Uvira, chini ya mita 800, irudishe kwenye 7 kabla ya kupakia mizigo.

Hatua ya 5: Utupu, halafu ndiyo karburateri

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Kwenye 2F bomba la kuingiza na bomba la moshi vimefungwa pamoja upande mmoja wa kilasi, la kuingiza likikalia lile la moshi lipate joto la kuyeyusha esansi. Mpango mzuri kwa nchi baridi, lakini vyuma viwili vyenye joto tofauti vinavutana miaka yote, na jwenti yao inavuja. Nyunyizia maji kidogo kwenye mstari wa jwenti injini ikiwa kwenye ralanti. Sauti ikibadilika, umepata. Usitumie esansi kwa jaribio hili, kuna bomba la moshi la moto chini yake.

Chomeka kipimo cha utupu. Vitabu vinasema inchi 17 hadi 21 za zebaki ni injini nzuri. Punguza inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo Goma tunatafuta 12 hadi 16. Sindano iliyotulia kwenye 14 ni habari njema kabisa. Sindano inayodunda kwa mpigo ule ule ina supapu inayovuja, rudi hatua ya 3. Inayoelea polepole kwenda na kurudi ni mchanganyiko wa esansi, na sasa unaruhusiwa kugusa karburateri.

Tazama kioo kidogo kwenye tumbo la karburateri. Esansi iwe katikati ya kioo, penye kitone. Ikiwa juu, pwinto ya floteri (sindano inayozuia esansi) haifungi, na hapo kurekebisha skrubu hakutasaidia kitu.

Kisha fanya hivi: zungusha skrubu ya mchanganyiko, ile ya chini, mpaka injini izunguke haraka kuliko yote na utupu upande hadi mwisho wake. Kwa skrubu ya klape, weka ralanti kwenye 690. Halafu funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka ishuke 650. Hapo imekuwa na esansi ya kutosha bila kuzidi.

Lakini ralanti ni ralanti tu. Barabarani inayotawala ni jigleri (tundu la kupimia esansi) kubwa. Karburateri inapima hewa kwa ujazo, haijui kwamba ujazo ule ule una hewa kidogo hapa juu, hivyo inamimina esansi zaidi ya inayostahili kwa karibu 8 kwa mia. Ndiyo sababu ya moshi mweusi, buji zenye masizi, na malalamiko ya kunywa. Dawa ni jigleri ndogo zaidi kwa hatua moja: kama iliyopo imeandikwa 120, ya 115 ndiyo kadiri yake. Usikubali mtu aipanue kwa sindano au waya "ipate nguvu". Nguvu iliyopungua Goma imepungua kwa sababu ya hewa, karibu moja ya sita, na esansi haiwezi kuirudisha. Jigleri iliyochokonolewa haina namba tena, na haitarekebishika na yeyote atakayekuja baadaye.

Matumizi? 2F ni mlevi kwa asili. Lita 20 kwa kilomita 100 kwenye barabara zetu siyo ugonjwa. Ikifika 28, rudi mwanzo wa orodha.

Hatua ya 6: Vumbi na kofia ya radiateri

Tangu lava ya Nyiragongo ilipokata mji tarehe 17 Januari 2002, mitaa mingi imejengwa juu yake, na magari yanaisaga kila siku. Vumbi hilo ni la mawe makali, lina vipande vya kioo cha volkano, na likipita filtri linanoa silinda. Filtri isiyokaa sawa kwenye kiti chake ni mbaya kuliko filtri chafu. Paka grisi nyembamba kwenye mpira wake, na ufute ndani ya bomba kati ya filtri na karburateri kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka kijivu, tafuta panapopitisha kabla ya kuwasha tena.

Kofia ya radiateri ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na termosta inafungua kwenye 82, kwa hiyo bila shinikizo umebakiwa na nafasi finyu sana kwenye mpando. Kofia nzima ya kilo 0.9 kwa sentimita mraba inasukuma kuchemka kupita nyuzi 110. Iliyochoka, au ile iliyokopwa kwenye gari jingine, inakufanya ulaumu jwenti ya kilasi bure. Angalia mpira wake wa chini: ukiwa umepasuka, nunua nyingine.

Hatua ya 7: Kusoma buji

Endesha kilomita kama 30 za mwendo wa kawaida, Goma hadi Sake na kipande kidogo cha kurudi inatosha, kisha zima injini ikiwa bado inavuta, siyo baada ya kukaa kwenye ralanti. Subiri zipoe, zitoe, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi kavu zote sita ni jigleri au floteri. Nyeusi yenye mafuta kwenye moja ni segma au mpira wa mkia wa supapu ya silinda hiyo. Nyeupe kama chokaa kwenye ya 1 au ya 6 pekee, ni jwenti ya bomba la kuingiza inavuja mwishoni mwake, hata kama jaribio la maji halikuionyesha. Kaza bolti zake ukianzia katikati kwenda nje, injini ikiwa baridi. Nafasi za supapu zipime tena baada ya kilomita 1,000, hasa zile za moshi ulizozikuta zimebana, na uandike namba mpya pembeni ya zile za kwanza.